Utani Niliomwandikia Mama Kalista

Msinionee huruma, sikuja hapa kutafuta pole. Nilimfukuzisha mama mzee nyumbani kwake kwa maneno niliyoyaandika siku ya Krismasi, tena nikiwa nimeshiba. Na nilipoulizwa mbele ya watu kama maneno yale ni kweli, nilitakiwa niseme sentensi moja tu. Sikuisema.

Naishi Mpanda mjini. Nina blogu yangu, naandika siasa za huku kwetu, mila, na sikukuu: Krismasi ilikuwaje, Idi ilikuwaje, nani kachangamsha mtaa na nani kauboa. Watu wakaanza kuniita mwandishi, na mimi nikavimba kichwa mapema kuliko inavyofaa.

Mama Kalista alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Yeye Mfipa, sisi Wanyamwezi, na pale mtaani tulishika utani wa kweli kweli, ule wa kutukanana asubuhi na kuombana chumvi jioni. Alikuwa shoga wa mama yangu. Mimi aliniita mume wangu tangu sijui kufunga kamba za viatu.

Kama hujakulia kwenye utani, nikueleze. Mtani ana haki zake. Krismasi anaingia kwako bila hodi, ananyanyua paja la kuku kwenye sahani yako, anaondoka nalo, na wewe unacheka. Kwenye msiba ndiyo usiseme. Baba alipofariki, Mama Kalista alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi cha baba na kugomba kwamba chai haina sukari. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uingie. Alicheka mpaka akaomba uji.

Macho yake yalikuwa mekundu. Ni moshi. Harusi, ubatizo, kipaimara, mpishi alikuwa yeye, na kuni ni zile mbichi za masika. Hata Waislamu wa madukani walimwita kusaidia pilau ya Idi. Mtaa mzima ulikula mkononi mwake, na mtaa mzima ulijua yale macho yametoka wapi. Mimi nilijua kuliko wote, maana nilikulia jikoni kwake.

Sasa ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa nampigia debe mgombea mmoja aliyeniahidi nafasi kwenye kamati yake. Siku ya mkutano nikasimama, nimechomekea, naanza kuwaeleza watu maendeleo. Mama Kalista akanyanyuka kutoka upande wa kina mama.

"Jamani, huyu mume wangu asiwadanganye. Mpaka darasa la tano alikuwa anakojoa kitandani, godoro namuanikia mimi. Leo ndo anataka kuwapangia nyie mtaa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mgombea wangu alicheka hadi akatoa leso. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Dawa ya utani ni kujibu palepale. Ningemrushia tusi lolote la Wafipa, angelipokea, tungemaliza, na kura za mgombea wangu zingeongezeka. Badala yake nililimeza la kwake. Mgombea wangu alishinda vilevile, kamati nikapata, lakini lile godoro liliendelea kuninukia kichwani. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu!

Krismasi ikafika. Mama Kalista akaingia kama kawaida yake, akanyanyua paja la kuku kwenye sahani yangu, akasema, "Mke mkubwa hali shingo," akatoka. Mama alicheka. Mimi nikafuta mikono, nikachukua simu.

Nilikuwa na picha yake ya mwaka wa nyuma, amechuchumaa kwenye mafiga, moshi umempiga, macho mekundu kabisa. Aliniruhusu kuipiga kwa sababu nilimwambia naandika kuhusu mapishi ya sikukuu. Nikaiweka juu kwenye blogu, chini yake nikaandika hivi:

"Krismasi njema wana Mpanda. Umeme ukikatika leo msihangaike, nendeni kwa mtani wangu Mama Kalista, radi zake anazihifadhi kwenye chungu. Mtazameni macho. Wale ng'ombe waliopigwa radi malishoni Magamba mwaka jana, muulizeni yeye. Natania tu."

Natania tu. Hilo neno la mwisho nililiweka kama mtu anavyofuta nyayo. Nilijua ninachofanya. Ng'ombe wale walikuwa wa kweli, mwenye mali alilia mbele za watu, na ukichomeka mali ya mtu iliyokufa kwenye utani, huo si utani tena. Nilitaka mwanamke yule apate aibu kama yangu. Nilitaka acheke kwa meno.

Watu waliipenda. Ilisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mpanda, ikaenda Mpimbwe, ikaenda kwa watu wasiomjua Mama Kalista wala hawajui kama ni mtani wangu. Wao waliona picha ya kikongwe mwenye macho mekundu na neno radi. Na huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu hahitaji shahidi wa pili ili aitwe mchawi.

Mama hakujua kusoma, alisomewa kanisani na mwanamke mwenzake. Alirudi akanikuta nakunywa soda.

"Umemwandika nini mwenzangu?"

"Utani tu, mama."

"Utani anatukanwa mtu akiwepo, naye akutukane. Yeye ana simu ya kusomea hayo? Wewe ulikuwa unamtania nani?"

Nikamwambia mambo ya mtandao hayajui. Akaingia ndani.

Januari mvua ilikuwa kali. Mchana mmoja radi ilimpiga binti wa nyumba ya nyuma yetu akianua nguo kwenye kamba. Alikufa palepale. Kabla hajazikwa, simu zilianza kupitishwa mkono kwa mkono, na kwenye kila simu ilikuwa ile picha yangu.

Baada ya mazishi mwenyekiti aliitisha mkutano, yuleyule niliyempigia debe. Baba wa binti alikaa mbele. Mama Kalista walimleta vijana, wamemshika mikono, hana hata viatu. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwandishi, haya maneno ni ya kwako. Ulikuwa na maana gani?"

Mama Kalista aliponiona, uso wake ulifunguka. Nawaambia ukweli, alitabasamu. Aliona mtu wake amefika.

"Mume wangu, waambie basi hawa watu. Waambie ni utani."

Nikawaangalia watu. Wengi walikuwa wasomaji wangu. Nikisema ni utani, nitaonekana mropokaji mbele yao, na mwenyekiti ataona kamati yake ina mchekeshaji. Ndiyo hesabu niliyoipiga, na mama wa watu ameshikwa mikono pale.

Nikasema, "Mimi niliandika tu. Watu wanajua wenyewe."

Hakulia. Alinitazama, akafunga mdomo, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akijitetea. Jioni ile walichoma jiko lake, wakavunja vyungu kimoja kimoja, wakapita juu ya vigae. Sufuria kubwa za shughuli walizibeba. Mpwa wake alikuja na pikipiki kumchukua, akampeleka kijijini kwao, Mamba. Alipanda nyuma na furushi moja. Vijana waliokula kipaimara chao kwenye sufuria zake ndio waliompigia mbinja.

Mimi nilikuwa ndani, nimefunga dirisha.

Mnataka kujua nilikuwa mtu wa aina gani? Pasaka niliandika makala ndefu juu ya uzuri wa utani wa makabila yetu, jinsi unavyojenga umoja. Walinisifu sana. Ile ya Krismasi nilikuwa nimeshaifuta kimya kimya, bila neno la kuomba radhi, na picha zinaendelea kuzunguka mpaka leo.

Mama hakunigombeza. Aliacha tu kuzungumza na mimi mambo yasiyo ya lazima. Alikuwa anabeba kiti chake, anakaa upande wa ukuta wa jirani, anatazama pale palipokuwa na jiko. Krismasi iliyofuata alipika kuku, akaniwekea mapaja yote mawili. Sikuweza kuyala.

Masika yaliyofuata mama aliugua, akafariki. Tulimzika Magamba, kwenye shamba la babu. Watu walikuja wengi, chakula kilikuwepo, kwaya iliimba. Lakini msiba ulikuwa mkavu. Watani wengine waliokuwepo walikaa kama wageni. Nilimwomba mzee mmoja wa Kifipa achangamshe, akanijibu, "Wewe tukikutania utatuandika." Akaenda kukaa mbali na mimi.

Halafu nikamwona Mama Kalista anashuka kwenye pikipiki. Amekonda, amefunga kitambaa cheusi. Nilisema sasa atanitukana, atalitaja godoro, atavaa nguo za mama atembee kama mama, nami nitapiga magoti mbele ya watu. Nilikuwa na njaa ya matusi yake.

Nikamwahi mimi. "We Mfipa, umefuata nini huku, nyama?"

Watu wakageuka kusikiliza. Akanipa mkono, akainamisha kichwa kidogo.

"Pole sana, mwandishi. Mungu awatie nguvu."

Basi. Akaenda kukaa na kina mama, akamlilia shoga yake kwa sauti ndogo. Hakumtania hata maiti.

Wakati anaondoka nikamkimbilia na kitenge cha mama, kile alichokipenda. Ni haki ya mtani kuchukua nguo ya marehemu, anaichukua bila kuomba. Nikamwekea begani. Akakishusha, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akakiweka kwenye kiti.

"Ahsante, baba. Hiki ni cha watani."

Akapanda pikipiki. Nilisimama pale mpaka mlio wake ukapotea, na hakuna mtu aliyekuja kunishika bega.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa naiweka methali hiyo kwenye blogu yangu kila mara, nikidhani inawahusu wengine. Leo naweza kuandika siasa, naweza kuandika Idi na Pasaka, ila sina mtu duniani wa kuniita kikojozi.

Nyie mnaoandika, nyie mnaosambaza picha za watu na kuweka natania mwishoni, sikilizeni. Kabla hujalirusha neno lako, nenda kwa mwenyewe umsomee kwa mdomo wako. Akikutukana, rusha. Akinyamaza, futa.