Finjani ya Bibi Zuwena

Ijumaa moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo na bado nacheka. Nyumbani kwetu Ghubra tumeshatoka kuswali, halua iko katikati, na finjani mbili tatu za kahawa zinazunguka watu wote kama ilivyo desturi yetu. Zamu yangu ilipofika, niliitikisa finjani kabla sijaonja, ishara ya kuwa nimetosheka.

"Hata hujanywa, unatikisa nini?" akauliza Bibi Zuwena, nyanya yangu aliyenilea. Bibi yule hakupitwa na kitu.

Nilikuwa kijana, nna virusi vya Ukimwi, na nyumbani hapana aliyejua. Vidonge nilivimeza kwa siri. Daktari alishaniambia virusi havipiti kwenye kikombe, ila hofu ya kuwaambukiza wenzangu ilinishinda. Mara ukatokea utafiti: madaktari walitaka watu wa kujitolea kujaribu sindano ya kuifundisha kinga ya mwili ipambane yenyewe na virusi. Nilitamani mno kuingia. Sharti moja tu likanikwamisha: lazima awepo mtu wa nyumbani wa kuniangalia, maana sindano ingeweza kuniletea homa kali.

Wageni walipoondoka, Bibi akanifuata jikoni. Nikamweleza yote huku nalia. Akamimina kahawa kwenye finjani ile ile, akanipa ninywe nusu, iliyobaki akaimaliza yeye.

"Wallahi nna hasira nawe," akasema. "Si kwa maradhi. Umenifanya mgeni kwa mjukuu wangu mwenyewe! Haya, hiyo sindano lini?"

Kila miadi akawa pembeni yangu na chupa yake ya kahawa, akiwahoji madaktari mpaka wanacheka: itamdhuru? Akitaka kutoka kwenye utafiti, mtamwachia? Homa ilipokuja, alinikanda kwa kitambaa huku akinitania kuwa nadeka.

Sindano ile haikuniponya, na vidonge nameza hadi leo. Lakini damu yangu iliwafunza madaktari kitu, na wanaendelea kutafuta tiba. Nami nimeoa, watoto wangu hawana virusi, na kichwa kimejaa mvi. Nina furaha, mwanangu, sikufichi.

Basi ukiwa na jambo zito, mtafute anayekupenda umwambie. Ukiombwa kujitolea kwenye utafiti, uliza mpaka uelewe, ukubali kwa hiari yako, na vidonge usiviache bila ya daktari. Mungu akupe afya na umri, na akujaalie mtu wa kuimaliza finjani yako.