Nilijiandikia Udhuru Jumamosi Sita

Kabla ya kuumwa nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Nzuguni. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana nyumba kwa nyumba kusali na kutafakari Injili ya Jumapili. Mimi niliandika mahudhurio.

Ilianza kwa siku zangu za mwezi kurefuka. Siku tano zikawa tisa, kisha hazikukatika tena. Damu ilitoka na mabonge. Nilivaa kanga mbili ndani ya sketi, na kanisani nilisimama nyuma nisije nikachafua benchi. Nikipanda ngazi tatu tu, moyo ulidunda hadi masikioni. Mume wangu aliniambia, "Mama Neema, viganja vyako vimekuwa vyeupe. Twende hospitali." Nikamjibu ni uchovu. Niliogopa kusikia neno saratani.

Kwetu, mwanajumuiya akikosa mara tatu bila sababu, sala inayofuata huhamia nyumbani kwake. Hilo sikulitaka. Basi kila Ijumaa nilimpelekea mwenyekiti daftari, mbele ya jina langu nimeshaandika udhuru: safari, msiba, mgeni. Nilifanya hivyo Jumamosi sita.

Jumamosi ya saba nilisikia wimbo mlangoni. Bibi Anastazia, mwenyekiti wetu, aliingia wa kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Safari gani hiyo, mwanangu, na kanga zako naziona kwenye kamba kila asubuhi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Injili ilikuwa ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Kila mmoja alisema neno lililomgusa. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Imani. Waganga walishindwa, yeye akavumilia, akapona."

Bibi alinitazama. "Wapi imeandikwa alivumilia? Mimi nimesikia alitoka nyumbani, akapenya kwenye watu. Na alipoulizwa, alisema kweli yote."

Nikasema, "Na mimi natoka damu. Mwezi wa tano sasa."

"Wanaume, nendeni nje mkaangalie kuku," Bibi akaamuru. Mume wangu peke yake alibaki.

Mchana huo tulikuwa hospitali. Daktari alisema, "Una uvimbe mkubwa kwenye kizazi. Damu imebaki gramu nne, badala ya kumi na mbili. Ungechelewa, moyo ungeshindwa." Ilibidi niongezewe damu kabla ya upasuaji, na wanajumuiya wakaja kuchangia. Bibi naye akakunja mkono wa gauni. Muuguzi akamwambia, "Bibi, umri umepita." Akajibu, "Umri ndio umepita, damu bado ipo." Hawakuichukua, na alinuna hadi jioni.

Kizazi kilitolewa. Kidonda kiliniuma nikikohoa, na kwa wiki sita sikuinua hata sufuria. Majibu ya kipimo yalipotoka, haikuwa saratani. Leo napanda ngazi bila kupumzika.

Namshukuru Mungu, mume wangu, na waliokuja bila kualikwa. Kwako dada unayesoma: damu ikizidi wiki, au ikitoka na mabonge, nenda ukapimwe. Sali, halafu uende.

Hili nalisema wazi jumuiyani. Juzi jirani mmoja alinifuata bombani, akaninong'oneza kwamba yake ni miezi minne. Tuliacha ndoo zetu kwenye foleni, tukaenda.