Kamera Imeona Kila Kitu, na Mama Analia

Kamera ya sokoni imeona wizi wote, mwanzo hadi mwisho. Na mama yangu bado analia.

Mama anauza kuku wa kienyeji hapa Singida mjini. Miaka yote akienda kuswali adhuhuri, jirani yake wa meza, Mama Zuhura, huvuta tenga la kuku karibu na miguu yake. Ni marafiki tangu sijazaliwa.

Leo mama karudi, tenga halipo.

Tukaenda ofisi ya soko kuangalia picha. Kijana aliyeficha uso kwa kofia anabeba tenga taratibu, kama la kwao. Mama Zuhura anamtazama. Anainua macho kwenye kamera.

Kisha anaendelea kupanga nyanya.

Nilidhani mama atauliza habari za mwizi. Alimwambia tu karani wa ofisi, "Hebu rudisha hapo."

Mama Zuhura alikuwa nyuma yetu. "Mdogo wangu, nilijua kamera inamwona."

Mama alijifunga kanga yake, akatoka. (Mimi nilimfuata bila hata kumpa shikamoo.)

Sasa tuko nyumbani. Mama ameniuliza, "Hivi wasingeweka ile kamera, Mama Zuhura si angepiga kelele?"

Nyie mngemjibuje?