Harith alipomtunza bosi wa Kikorea mbele ya watu wote

Wakuu, salaam aleikum. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamkuamkia.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Nilikuwepo, nilikula, niliimba. Na nikitia chumvi, Harith mwenyewe yumo humu jukwaani, atanisuta hadharani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nje ya mji wa Sur, huku Oman, wakati mitambo ya gesi inajengwa. Wakorea walijaa mpaka wakawa na mtaa wao: nyumba za kontena, duka, ukumbi wa kulia, vibao vyote kwa maandishi yao.

Sisi tukipaita Korea. "Uko wapi?" "Niko Korea, nakuja." Kumbe mtu yuko nyuma ya uzio tu.

Harith ni binamu yangu, tukifanya kazi pamoja stoo. Kijana mpole, moyo laini kama mkate wa boflo. Alikuwa anamtaka Zuwena wa Ibra, lakini baba wa binti, Mzee Seif, alimwekea sharti. Apate kwanza usapavaiza, yaani usimamizi, ndipo alete wazee wake kuposa.

Mzee Seif huyo ni mzaliwa wa Unguja, na hacheki hata siku ya Idi.

Nafasi ya usapavaiza wa stoo ilikuwa wazi. Mwenye kuitoa ni bosi wetu, Mista Bae. Na Harith ndiye aliyekuwa anatajwa.

Basi Jumatano moja, kesho yake mapumziko, Mista Bae akatualika watu wote wa stoo tukale na tuimbe kwao. Tukasali Isha, tukajitia udi, haooo, Korea.

Kwanza tukauliza nyama. Mista Bae akaapa kuwa ni ng'ombe, kachinjwa Sur na mchinjaji wetu wenyewe, akamwita mpishi aje ashuhudie. Khalas, tukavamia.

Wakuu, watu wale wanajua kula! Nyama inachomwa pale pale mezani, unaikunja ndani ya jani la saladi, unatia mdomoni mzima mzima. Kuna na achari ya kabeji, inanuka kama soksi za mlinzi, lakini ukiila mara ya pili huachi. Vijiti vyao niliviweka pembeni, nikatumia mkono niliopewa na Mungu.

Wao na vichupa vyao vya kijani vya pombe, sisi na soda zetu, kila mtu na kaburi lake.

Halafu ikawashwa karaoke. Sheria yao ni kwamba hakuna kuponyoka, kila mtu lazima aimbe. Mie nilikuwa sina wimbo kichwani ila kasida ya madrasa, nikaimba hiyo. Wakorea wakashikana mabega wakayumba, wakidhani ni ya mapenzi. Astaghfirullah.

Ikafika zamu ya Mista Bae. Akasema wimbo huu alikuwa akiimbiwa na mamaake, na mama yuko mbali na anaumwa. Akaanza. Yakhe, sauti ya mbuzi kafungiwa stoo! Lakini alikuwa anaimba machozi yanamtoka.

Sasa nyinyi mnatujua watu wa kwetu. Harusini, mwimbaji akikugusa moyo, hukai ukatazama. Unainuka, unakwenda mdogo mdogo kwa maringo, unamtunza noti.

Harith akainuka.

Nikamvuta kanzu, wapi! Akenda akiyumba, noti juu kidoleni, akamzunguka bosi, akamtilia mfukoni mwa shati, akarudi kwa madaha.

Mista Bae akakatiza wimbo. Mashine ikaendelea peke yake. Wakorea wote vichwa chini, wanatazama sahani. Bosi akaitoa ile noti kwa vidole viwili, akamuuliza kwa Kiingereza, "Hii ni kwa ajili ya ile kazi?"

Wallahi, kumbe kaiona rushwa!

Nikaona binamu yangu anazama hivi hivi. Nikakimbilia jikoni, nikamkokota mpishi na aproni yake, nikampa maiki. Mpishi akaimba, mashallah, sauti hiyo! Nikawakonyeza wenzangu, tukainuka mmoja mmoja, tukamtunza mpaka aproni ikajaa.

Nikamwambia bosi, "Huyu naye atatupa kazi gani? Ya kuosha masufuria?"

Mista Bae akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini tulipokuwa tunaondoka alimshika Harith mkono kwa mikono yake miwili. "Mimi nimeelewa," akamwambia. "Lakini wote wameona pesa yako ikiingia mfukoni mwangu. Nikikupa kazi watasema umeinunua."

Nafasi akapewa mwengine.

Harith alilia garini, nami nilimwacha alie, ningesema nini? Kesho yake akanilazimisha twende Ibra. Alitaka Mzee Seif ayasikie kwake kabla ya kuyasikia sokoni.

Akamsimulia yote, kichwa chini. Mzee akamsikiliza, kikombe cha kahawa mkononi.

"Alikuwa anaimba vizuri?"

"La, Mzee. Vibaya sana."

"Sasa ulimtunzia nini?"

"Alikuwa anamlilia mamaake. Na hapana hata mmoja aliyeinuka."

Mie nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

Halafu Mzee akasema, "Mie nilipofika nchi hii nimetoka Unguja, harusi ya kwanza niliimba nyimbo zetu. Watu wakanicheka. Hakuna aliyeinuka." Akaweka kikombe chini. "Kazi utapata nyengine. Lete wazee wako."

Funzo nililolipata, wakuu: ukimtunza bosi, tunza na mpishi, tena anza na mpishi. Jengine ni kwamba mkwe mkali usimkatie tamaa mpaka ujue kilichomkausha.

Nanyi je, mila gani ya kwenu imewahi kukuponzeni ugenini? Mwageni hapa chini, na wa kunitukana nao wana nafasi yao.