Kichupa Alichokipakata Mume Wangu

Jamani, wivu umeniumbua. Tangu mama yangu alazwe Karatu kwa kikohozi, mume wangu ndiye aliyeshinda naye hospitali, mimi nikivuna maharage Rhotia. Jana nikampelekea mama uji. Kufika stendi, namwona mume wangu amepakata kichupa kilichofungwa kitambaa, ananong'ona na nesi mrembo. Nikajua tu, asali ya mizinga yetu inahongwa! Nikampokonya, nikapaza sauti stendi nzima isikie:

"Leo utasema asali hii ni ya nani!"

"Dada, usifungue," nesi akasema taratibu. "Ni kinyama kilichokatwa mapafuni. Anakipeleka Arusha kikapimwe saratani."

"Mapafu ya nani?" nikafoka.

Mume wangu akainamisha kichwa. "Ya mama yako. Alinikataza nisikuambie."