Sauti Iliyomsomea Baba

Presha ya macho ilipompofusha baba, mama ndiye aliyekuwa akimsomea. Mama naye alipofariki, nyumba yetu ya Kwihara ilibaki na wazee wawili: baba, mwalimu mstaafu, na dada yake, shangazi yangu, ambaye hakujaliwa kusoma.

Mimi natengeneza kompyuta Kanyenye, mjini. Nilimpelekea baba kompyuta kuukuu ya mfumo wa Linux yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti ya Kiswahili, nikamfundisha kupapasa vitufe viwili, cha kuanzisha na cha kunyamazisha. Ilikuwa sauti ya kiume, kavu, isiyojua pa kupumua.

"Anasoma kama anafukuzwa," baba alilalamika, na kuisahihisha kama mwanafunzi. Lakini kila asubuhi ungemkuta mbele yake na kikombe cha uji, akisikiliza Zaburi, kisha magazeti.

Mwaka jana mfumo ulipitwa na wakati, magazeti yakawa hayafunguki. Nikaweka toleo jipya la mfumo. Kila kitu kikawa kipya, ila sauti ikapotea. Nilipoiita programu kwa amri ikanijibu mstari mmoja tu: maktaba inayohitajika haipatikani.

Maktaba hizi si za vitabu. Ni vipande vya kazi ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja, kama nyumba kadhaa zinavyotwanga kwenye kinu kimoja. Programu ya baba ilikuwa ya zamani, na aliyeitunga alishaacha kuishughulikia. Ilitaka kinu kile ilichokizoea, na mfumo mpya ulikuwa umekiondoa na kuleta kingine.

"Kumetokea nini?" baba aliuliza.

"Kuna kitu imekosa, baba. Nitakitafuta."

"Basi anaumwa. Tumpe pole."

Nilianza na njia ya mkato: nikaipa maktaba mpya jina la ile ya zamani. Programu ikafunguka, ikatamka nusu neno, ikazimika. Kazi ambayo programu iliitafuta haikuwamo tena katika maktaba mpya. Baba alikuwa ameinua uso, anangoja neno limalizike.

Wiki hiyo, kila nilipotoka kazini nilipanda bodaboda hadi Kwihara nikamsomea mwenyewe. Nilisoma vibaya. Zile Zaburi alizozipenda mama nilizikimbiza, nikawa naruka mistari, na baba, aliyezijua kwa moyo, hakunisahihisha hata mara moja.

Jumamosi niliipata maktaba ya zamani kwenye hazina ya mtandaoni ya matoleo yaliyopita. Sikuirudisha kwenye mfumo mzima, ingevuruga mengine. Niliiweka kwenye folda yake peke yake, nikaiagiza programu itafute humo kwanza. Nikabonyeza. Sauti ikatoka, kavu vilevile.

Shangazi alipiga kigelegele huko jikoni. Baba akasikiliza kidogo, kisha akapapasa kitufe, akainyamazisha.

"Bado ina kasoro, baba?"

"Hapana, amepona. Ila leo upo." Akalaza mikono mapajani. "Soma wewe, mwanangu."

Nikasoma hadi shangazi alipotuletea ugali.

Jumatatu nilirudi dukani, na sauti ikarudi kwenye zamu yake ya asubuhi. Mvua zilipoanza, kifua kilimbana baba. Tulimlaza hospitali mjini, na huko nilimsomea mimi, karibu na sikio, kwa sababu ya wagonjwa wengine. Alifariki nikiwa nimetoka kumnunulia maji. Tukamzika kando ya mama.

Msiba ulipokwisha, kaka yangu aliniomba ile kompyuta kwa ajili ya binti yake anayesoma Nzega. Nilikubali. Nilifuta kila kilichokuwamo, folda ile na maktaba yake pia, nikaweka mfumo mpya. Safari hii hakuna kilichokosekana, wala ujumbe wa kosa haukutokea. Kazi iliisha kabla chai yangu haijapoa. Nikafunga kifuniko, nikampigia kaka simu aje aichukue.