Posa ya Mtafiti Gihosha

Katika nyumba ya wazee ya Gihosha nilimkuta mwanafunzi wa chuo kikuu chetu kipya akitafiti maisha ya wazee. Wote walikuwa wamemkatalia, isipokuwa bibi mmoja. Akamuuliza kama analala vizuri, anapenda chakula gani, angetaka kuishi na nani.

Bibi akajifunika bega kwa kitenge. "Mutoto yangu, baba yako iko wapi? Maneno ya ndoa, kijana haiulize peke yake."

"Apana, bibi! Ni uchunguzi tu."

"Hata marehemu mume yangu alianza na uchunguzi."

Jumapili kijana alirudi na baba yake mdogo na mtungi wa pombe ya ndizi. Nadhani hata elimu hujibiwa ikibisha hodi kwa adabu, maana alijibiwa kila swali. Nilipoondoka, baba mdogo alikuwa bado anabishania ng'ombe wa mahari.